Upepo wa Siku Ile

4 Mei

Kifupi,

Kadi yako ya mwaliko imefika. Karatasi nzito, pembe zimekatwa kwa ustadi, maandishi ya kujikunja: "Nyumba za Sala, Kama Jicho Lilivyoona." Uzinduzi ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, vinywaji vitakuwepo, tuvae nadhifu. Asante kwa kunikumbusha kuvaa.

Sasa nijibu swali moja. Huo mnara ulio mbele ya kadi ni wa kanisa gani? Madirisha nayajua, ni ya kanisa letu. Tofali lililomeguka juu ya mlango nalijua pia. Lakini mnara wetu umeinama, Kifupi. Umeliinamia darasa langu la chekechea tangu mvua za mwaka jana, mlango wa darasa sasa haufunguki mpaka uupige bega, na kila mwenye macho anaona. Huo wa kwako umesimama kama askari wa gwaride.

Ulikuja mwenyewe. Ukaweka kamera yako uwanjani mbele ya kanisa, ukaniamuru nianue kaptura za watoto waliojilowesha kwa sababu zinaharibu picha, ukaondoka bila hata kuuliza habari za nyumbani. Uliona au hukuona?

Nakuuliza kwa sababu watoto nimewatoa ndani. Tunasomea uani chini ya turubai, na mhandisi wa halmashauri alikuwa aje kuupima mnara wiki ijayo. Jana mjomba amebandika kadi yako kwenye mlango wa kanisa, na chini yake ameandika: "Mtaalamu ameona. Wenye hofu watulie." Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, na anataka turudi ndani.

Iondoe picha hiyo, au itundike jinsi mnara ulivyo. Kabla ya uzinduzi.

Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu ukizidiwa unasema mtandao umekatika.

Dada yako


11 Mei

Dada,

Nilitegemea pongezi. Kosa langu, nilipaswa kuwa nimeshakuzoea.

Kwa mara ya kwanza picha zangu zinatundikwa kwenye ukuta wenye heshima. Misikiti, makanisa, mahekalu, nyumba za sala nilizozizungukia mpaka viatu vikatoboka. Na barua ya kwanza ya dada yangu ni ya kunisahihisha, kama mtoto aliyeandika nje ya mstari. Hata jina la Kifupi hujaliacha, na mimi siku hizi nainama kuingia mlangoni kwako.

Ngoja nikufundishe kitu, mwalimu. Kamera si jicho. Ukiipinda kidogo tu, jengo zima linaonekana linaanguka. Kwa hiyo kabla ya kupiga, tunanyoosha. Kila anayepiga picha za majengo ananyoosha. Siku ile hata pimamaji yangu, kile kichupa chenye kiputo cha hewa kinachoniambia kamera imekaa sawa, ilinigomea. Kila nilipoulenga mnara ukae wima, kiputo kilikataa kukaa katikati. Nikaachana nayo. Mnara ule nimebatizwa chini yake, na kichupa nimekinunua dukani. Nikaizungusha kamera mpaka mnara ukasimama wima, ardhi nikaiacha nje ya picha, nikabonyeza. Hiyo ndiyo kazi.

Siiondoi. Ndiyo uso wa maonyesho. Ipo kwenye kadi, ipo kwenye mabango, na ukumbini iko kwenye ukuta wa mbele, kubwa kuliko mlango wa nyumba yako. Pembeni yake tumeandika kwamba hakuna picha iliyochezewa, na waandishi wa magazeti wanakuja kwa sababu ya maneno hayo. Siwezi kuvuruga yote kwa sababu wewe na mjomba mnavutana. Mnavutana tangu harusi yako.

Mkitaka kujua kama mnara umeinama, leteni timazi, ule uzi wa fundi wenye uzito chini. Picha si mhandisi.

Mdogo wako, mrefu


15 Mei

Mpwa wangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na mwenye furaha, maana sisi huku furaha imetujaa. Jina lako linatajwa hata na watu ambao zamani walisema kupiga picha ni kazi ya wasio na kazi. Mimi sikuwa mmoja wao, utakumbuka.

Picha yako ya mnara imenitoa machozi. Unajua kwamba ile sehemu ya juu, ya kengele mpya, niliisimamia mwenyewe tofali kwa tofali. Wapo waliosema msingi wa zamani hautabeba. Leo wameufyata, kwa kuwa kazi ya mikono yangu imesimama mbele ya macho yao, na aliyeionyesha ni mtoto wa dada yangu. Mungu anipe nini tena?

Mhandisi wa halmashauri ni mtu msikivu. Nimempelekea kadi, akaitazama kwa makini, akakubali kuahirisha upimaji mpaka aione picha yenyewe. Nitakuja naye kwenye uzinduzi, pamoja na wazee wa kamati. Nakuomba useme maneno machache tu mbele yake, kama mtaalamu.

Kuhusu dada yako, mvumilie. Kuwapenda watoto wa watu kumemtia woga. Sisi wazee tunaona mbali, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kazi ile tulimpa sisi.

Mjomba wako, Mwenyekiti


17 Mei

Bwana Mpiga Picha,

"Leteni timazi." Timazi ilikuwa inakuja. Mhandisi ameahirisha kwa sababu ya kadi yako. Mjomba ametangaza baada ya ibada, mbele ya wazazi, kwamba turubai litashushwa uzinduzi ukiisha. Mama mmoja akaniuliza kama kweli nilikuwa nawatesa watoto juani bure. Jibu langu ni macho yangu, na macho ya mwalimu wa chekechea hayachapwi kwenye kadi.

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko inavyostahili. Kuna kitu ulikiandika kwa kujisifu, sijui kama mwenyewe ulikisikia. Kiputo kilikataa kukaa katikati kila ulipoulenga mnara. Ulipoilenga nyumba ya mchungaji je? Ulipoilenga miti je? Hiyo pimamaji mbovu, umeipeleka kwa fundi? Umeitupa? Au unaendelea kuitumia, na inaendelea kukutii kwenye kila jengo isipokuwa la mjomba?

Methali ya ufa na ukuta sikuandikii. Hata watoto wangu wanaijua.

Huna haja ya kuondoa picha. Mwandikie mhandisi sentensi moja: niliuzungusha. Basi. Siombi mdogo wangu aibike, nawaombea watoto wasiangukiwe.

Dada yako bado


22 Mei

Dada,

Pimamaji sijaipeleka popote. Nina mambo mengine. Fremu mbili zimekuja na kioo kilichopasuka, na mgeni rasmi amebadilishwa.

Mjomba ananiandikia nimsemee, wewe unaniandikia nikusemee. Mimi si msemaji wa mtu. Kwa mhandisi siandiki. Nikiandika kwamba hiyo moja niliizungusha, nani ataniamini kwa zile nyingine? Hilo hukulifikiria. Wewe ukisema jambo unadhani dunia nzima ni kibaraza cha darasa lako.

Ukija, njoo kama mgeni. Kula, kunywa, tazama picha, nenda nyumbani. Usinifanyie tamasha.

Ni mimi


1 Juni

Kifupi,

Nilikuja kama mgeni. Nilivaa ile nguo ya kijani, viatu vya kuazima, nikasimama karibu na meza ya juisi mahali ambapo watu wanaongea kwa kunong'ona kama wapo msibani. Nilizitazama picha zote. Nakwambia kwa chuki kabisa: ni nzuri. Ile ya hekalu lenye ngazi zilizolika katikati niliirudia. Nilikuwa karibu kukusamehe mbele ya zile ngazi.

Kisha ukapita na yule mama wa magazeti, mkono wako mgongoni mwake, akauliza mimi ni nani. Ukasema, "Huyu ni mwalimu mmoja wa kule kwetu."

Mwalimu mmoja. Nimekubeba mgongoni mpaka nguo zangu zote zikanuka mkojo wako, na leo ni mwalimu mmoja.

Hilo nililimeza. La pili limenikwama. Mjomba alimleta mhandisi mbele ya mnara wako, akawa anamwonyesha kwa fimbo: "Tazama, bwana, kama umechorwa kwa rula." Mhandisi akasogea. Akasogea tena, miwani ikawa karibu igonge kioo. Akasema, "Mbona kamba ya kengele imejitenga na ukuta?"

Wote tukatazama. Mimi ninayepita chini ya ile kamba kila siku sikuwa nimeiona pale. Inashuka kutoka juu, nje ya mnara, na kwenye picha yako inakwenda upande upande, kama kuna mtu chini anaivutia darasani kwangu. Mnara wima, kamba imelala, na kamba isiyoguswa huning'inia wima siku zote. Mhandisi akaifuata kwa kidole mpaka chini, akageuka, akakuuliza kwa upole tu, "Siku hiyo kulikuwa na upepo?"

Ulinitazama, Kifupi. Usikatae. Ulinitazama mimi kwanza, kisha ukamtazama yule mama wa magazeti na kalamu yake, kisha ukasema, "Ndiyo. Upepo mwingi."

Nikasema hapana. Nikasema kwa sauti. Na wewe ukacheka, ukawaambia, "Walimu!" Wakacheka wote, na mhandisi naye akacheka kwa adabu, akachukua juisi yake.

Upepo gani? Siku ile hata jani halikutikisika. Ulikuwa ukilalamika jasho linakuingia machoni, nikasimama nyuma yako nakupepea kwa daftari la kuchorea ili lisidondokee lenzi. Upepo pekee wa siku ile ulitoka mkononi mwangu.

Leo asubuhi mjomba amekuja na barua ya halmashauri. Darasa linafaa kutumika, upimaji utafanyika zamu yake ikifika, labda mwakani. Turubai limeshushwa. Kama sitaki kuingia, yupo binti aliyemaliza chuo juzi, ataingia yeye na watoto hao hao. Binti huyo hajui chochote kuhusu mnara. Nikikataa, nitabaki na kazi ya kusimama nje na kusikiliza.

Kwa hiyo naingia nao. Kesho asubuhi. Nimekwambia ili ujue.

Dada yako, mbele ya yeyote atakayeuliza


4 Juni

Mpwa wangu mpenzi,

Ahsante. Sina neno jingine. Ule upepo wako ulivuma wakati wake.

Kamati imeazimia kuiomba picha ile ije itundikwe kanisani maonyesho yakiisha. Gazeti limekuita jicho lisilodanganya, nimelikata na kuliweka ndani ya kitabu cha nyimbo.

Dada yako amerudi darasani, ametulia. Nilijua atatulia.

Mjomba wako, Mwenyekiti


9 Juni

Dada,

Usinitishe. "Nimekwambia ili ujue." Ndivyo ulivyonilea, kila kosa langu lilikuwa na mtu atakayekufa kwa ajili yake. Nikichelewa kurudi, mama atapatwa na presha. Nikiacha shule, baba atageuka kaburini. Hakuna aliyepatwa wala aliyegeuka.

Mnara umesimama tangu hatujazaliwa. Utasimama wiki chache zaidi.

Kuhusu neno nililosema kwa yule mama, lilinitoka. Ningesema dada yangu, angetaka kuongea na wewe, na wewe ungeongea. Unajijua.

Nipo katikati ya jambo kubwa kuliko yote niliyowahi kufanya. Kuna ukumbi mwingine umeuliza habari za picha hizi. Maonyesho yanafungwa mwisho wa mwezi. Tutazungumza baada ya hapo, kwa utulivu, kama watu wazima.

Mdogo wako


3 Julai

Dada yangu,

Keti chini usome. Nimemwandikia mhandisi.

Nimemwambia yote. Kwamba hakukuwa na upepo. Kwamba niliizungusha kamera mpaka mnara ukasimama, na ardhi nikaikata ili isionekane imepinda. Kwamba pimamaji haikuwa mbovu. Kesho yake ya uzinduzi niliitoa mkobani, nikaiweka juu ya meza, sakafuni, kwenye kizingiti cha dirisha, juu ya jiko. Kila mahali kiputo kilikaa katikati kama mtoto mwenye adabu. Nikakaa chini pale jikoni. Ni mnara uliokuwa umepinda, dada. Nilikiamini kitu nilichobatizwa chini yake, nikakidharau kile kilichokuwa kinaniambia kweli.

Sijui kama unaelewa nimefanya nini. Nimeandika kwa mkono wangu kwamba nilidanganya. Mhandisi akitaka kuipeleka barua ile magazetini, mimi basi. Ule ukumbi mwingine nimewaambia picha ya mnara haiendi, wamenuna, huenda wakakataa zote. Mjomba amenipigia simu, ameniita nyoka aliyelelewa kifuani. Nimekubali yote hayo. Nilikuchukia wakati naandika, kisha nilipomaliza nikajisikia mwepesi, kwa mara ya kwanza tangu ile jioni.

Nadhani nimelipa. Nadhani sasa tunaweza kuonana. Jumapili ya mwisho wa mwezi nina nafasi. Nitakuja bila kamera.

Kifupi wako


12 Julai

Kifupi,

Usije.

Mhandisi alikuja na watu wake siku ileile barua yako ilipomfikia. Wakashusha timazi kutoka dirisha la kengele, na nilimwona yule bwana akipiga hatua nyuma kabla hajasema neno. Darasa limefungwa, ua umezungushiwa kamba, njia ya nyuma imezibwa. Sehemu yote ya juu itabomolewa, ile ya mjomba. Mjomba amejiuzulu uenyekiti, hasemi na mtu, anakaa kiti cha mwisho kanisani na kofia yake mapajani. Sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi. Watoto wanasomea kwenye ukumbi wa kwaya. Hakuna aliyeumia.

Najua hilo la mwisho utalishika na kulifanya mto wa kulalia. Kwa hiyo subiri kidogo.

Umeniandikia, bila mtu kukubana, kwamba uliitoa pimamaji mkobani kesho yake ya uzinduzi. Uliniandikia ukiona ni sehemu nzuri ya hadithi. Kesho yake ni tarehe thelathini na moja Mei. Mhandisi amenionyesha barua yako, mtu mwema yule, alidhani itanifurahisha. Umeiandika tarehe mbili Julai. Picha zako zimeshushwa ukutani tarehe thelathini Juni.

Hukukaa na shaka mwezi ule, Kifupi. Ulikuwa unajua. Barua yangu ulikuwa nayo mezani, imeandikwa naingia nao kesho. Ukanijibu usinitishe.

Ngoja nikwambie Juni yangu. Madawati yote niliyasukuma ukuta wa mbali, watoto wakabanana, kiti changu nikakiweka upande wa mnara. Mlango nikaukwamisha na tofali usijifunge. Halafu nikawafundisha mchezo. Mwalimu akipiga makofi, kila mtu anaacha alichoshika na kukimbia mpaka getini, na wa mwisho anaimba. Tulicheza kila asubuhi na kila baada ya uji. Waliupenda kuliko michezo yote. Walikuwa wepesi sana mwishoni, hata yule mwenye mguu mfupi nilimpa mwenzake wa kumshika mkono. Hakuna mtoto aliyejua anakimbia nini.

Jumapili iliyopita kwaya iliimba vizuri, watu wakapiga makofi. Watoto wangu wakainuka kwenye viti, wakaacha mama zao, wakakimbia wote mpaka getini. Wazazi walicheka. Mimi nilitoka nikawafuata, na nilipowakuta wamejipanga wanagombana nani ataimba, nilishindwa kuwaambia kwamba sasa wanaweza kukaa.

Dada yako